Ukubwa wa mtutu si uhodari wa msasi: Safari ya neno 'kaliba' katika nyika zetu

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alinijia ofisini na sura ya pili ya tasnifu yake. Anatafsiri kwa Kiswahili maandishi ya wasasi wa Kizungu waliozurura nyika za Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi yenyewe si mbaya hata kidogo. Lakini katika ukurasa mmoja nilikuta sentensi iliyonifanya nivue miwani. Mwanafunzi alikuwa akimzungumzia Mskoti aliyewaua ndovu kwa mamia akitumia bunduki yenye mtutu mwembamba. Akaandika kwamba Mskoti yule alitumia "bunduki ya kaliba ya chini".

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Hebu jiulize, msomaji mpenzi: ukisikia "mwalimu wa kaliba ya chini" au "mbunge wa kaliba ile", unaelewa nini? Unaelewa mtu ovyo, mtu duni. Kwa neno moja tu mwanafunzi wangu alikuwa ameigeuza bunduki iliyoundwa kwa ustadi mkubwa kuwa chuma chakavu. Tena alikuwa ameifuta hoja nzima ya mwandishi anayemtafsiri, yaani kwamba wembamba wa mtutu ule haukuwa udhaifu.

"Kwani Prof, kuna neno jingine?" akaniuliza.

Nilimwomba anipe juma moja. Nimechukua manne, na makala haya ni jibu langu kwake. Ninalitoa hadharani kwa sababu swali la bunduki gani inamfaa mnyama gani si la wasasi peke yao. Limebeba historia ya lugha yetu na ya watu wetu pia, na sehemu ya historia hiyo imeanza kupotea.

Tuanze na neno lenyewe. Kaliba tuliyo nayo leo imetujia kupitia Kiingereza, ambacho kiliitwaa kutoka Kifaransa. Wanaisimu wengi huifuatilia zaidi ya hapo, hadi kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya umbo la kumiminia madini yaliyoyeyushwa. Kumbe neno hilo hilo la Kiarabu lilikwisha kufika pwani yetu kwa jahazi, bila kupitia Ulaya, na tukaliita kalibu. Fundi huyeyusha chuma au risasi, akakimimina katika kalibu, kikapata umbo. Basi kalibu na kaliba ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbili tofauti. Mmoja alibaki karakana. Mwingine alisoma ng'ambo, akarudi na suti, na sasa anapima hadhi za watu.

Hata neno risasi lina kisa chake. Kwa Kiarabu ni madini yenyewe, yale mazito ya kijivu. Na kwa karne nyingi tunda la bunduki halikuwa kitu kingine ila tonge la madini hayo. Ndiyo maana wahenga wa fani hii walipima bunduki kwa matonge. Walichukua ratili moja ya risasi wakaigawa. Ikiwa ratili ilitoa matonge 12 yanayoingia sawasawa katika mtutu, bunduki iliitwa namba 12. Ikitoa manne tu, iliitwa namba 4. Kwa hiyo namba ilivyopungua ndivyo tundu lilivyopanuka. Bunduki ya namba 4 ilikuwa na tundu la karibu milimita 26 na ilitupa tonge la robo ratili, yaani takriban gramu 113. Huo si mchezo.

Mbona iwe kubwa hivyo? Kwa sababu baruti nyeusi ya zamani haikuweza kusukuma risasi kwa kasi kubwa. Na kama huwezi kuongeza kasi, utaongeza uzito. Frederick Selous, Mwingereza aliyefika kusini mwa Afrika mwaka 1871 akiwa na umri wa miaka 19, aliwinda ndovu kwa bunduki za namba 4 za kushindilia. Ziliangusha ndovu, kweli. Lakini teke lake lilimpiga begani hata baadaye akakiri kwamba lilimharibia mishipa ya fahamu, akawa hapigi shabaha kama alivyostahili. Tulitie akilini jambo hilo, maana tutalirudia. Selous huyo ndiye aliyefia vitani Beho Beho, karibu na Rufiji, Januari 1917, na mbuga kubwa ya Tanzania ikachukua jina lake.

Huku kwetu, misafara ya pwani ya karne ya 19 iliyokwenda bara kutafuta pembe ilibeba magobore. Kiswahili cha wakati huo kilikuwa na msamiati wa bunduki unaotuaibisha sisi wa leo. Kulikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Kulikuwa na bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe; siku hizi gumegume tunalisikia tu mtu anapomlalamikia mume wake. Ikaja bunduki ya fataki. Mwishowe ikaja bunduki isiyoshindiliwa kwa mbele bali iliyolishwa kwa nyuma, ikaitwa bunduki ya viasi.

Viasi! Hapo ndipo nilipopiga meza. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaeleza kwamba kiasi, pamoja na maana yake ya kipimo, lilikuwa pia jina la kile kifuko cha shaba chenye baruti na risasi yake. Kwa nini? Kwa sababu ndani yake baruti ilikuwa imekwisha kupimwa. Mwenye gobore alijikadiria mwenyewe kila mara, na akikosea, gobore lilimpasukia usoni. Mwenye kiasi alikuwa amepimiwa kiwandani. Wazee wetu walikiangalia kitu kigeni, wakaona kiini chake ni kipimo, wakakiita hivyo.

Mwishoni mwa karne ya 19 mambo yalibadilika ghafla. Baruti isiyotoa moshi iligunduliwa, nayo ilikuwa na nguvu kuliko ile nyeusi mara nyingi. Sasa risasi nyembamba, ndefu, iliyovikwa koti la chuma, iliweza kwenda kasi na kupenya ndani sana. Michirizi ya mzunguko iliyochongwa ndani ya mtutu iliifanya izunguke kama pia, isiyumbe hewani. Namba za matonge zikaanza kuwaachia nafasi namba za kipenyo, ambazo Waingereza walizihesabu kwa sehemu za inchi. Bunduki ya .303 ina tundu la milimita 7.7. Ile ya .375 ni takriban milimita 9.5. Ya .416 ni milimita 10.6. Ya .470 inafika milimita 12, na ya .577 inakaribia 15.

Usidhani kwamba namba hizi zilitokana na sayansi pekee. Siasa nayo ilitia mkono. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku risasi za .450 kuingizwa India na Sudan, kwa kuhofia kwamba waasi wangezitia katika bunduki za zamani za jeshi zenye kipenyo hicho. Waunda bunduki wa London hawakulala. Walizisukuma sokoni .465 na .470, wakaendelea na biashara. Hali ya hewa nayo ilitia mkono. Baruti ya Waingereza wa wakati huo iliongeza msukumo kila joto lilipopanda, na katika jua la nyika kifuko kilichopwaza kwa msukumo kilikwama ndani ya mtutu. Ndiyo sababu kiasi cha .416, kilichotoka mwaka 1911, ni kinene kuliko unavyotarajia. Walikiachia nafasi ili baruti isijibane. Mwaka uliofuata ikatoka .375 ya Holland & Holland, ambayo mpaka leo nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji, Tanzania ikiwamo, huitumia kama kiwango cha chini kwa wanyama hatari.

Sasa turudi kwa Mskoti wa mwanafunzi wangu. Aliitwa Walter Bell, na watu walimpachika jina la Karamojo kwa sababu ya miaka aliyowinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Alifika huku akiwa kijana mdogo mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati reli ikijengwa. Katika maisha yake aliwaua ndovu zaidi ya 1,000. Wengi wao, takriban 800, aliwapiga kwa .275 ya Rigby, bunduki ya milimita saba ambayo wasasi wengine waliiona ya kuwindia swala. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 tu. Ile ya .470 ina gramu 32.

Aliwezaje? Si kwa uchawi. Bell alichukua msumeno akapasua fuvu la ndovu katikati, akalichungulia. Kichwa cha ndovu kinatisha kwa ukubwa, lakini sehemu kubwa yake ni mfupa wenye vijumba vya hewa kama sega la nyuki. Ubongo wenyewe, wa kilo tano hivi, umejificha chini na nyuma. Ukiukosa, hata ukitumia bunduki inayomtoa mtu machozi, ndovu atatikisa masikio na kuondoka, au atakujia. Ukiupata, milimita saba zinatosha, mradi risasi iwe ngumu, ndefu, na isipinde njiani. Bell alijifunza kuona ubongo kupitia ngozi, kutoka kila upande. Mazoezi nayo hakuyaacha.

Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Na vijana wetu wa mitaani wana wao: wembamba wa reli, treni inapita.

Lakini tusidanganyike. Ushahidi wa Bell hauwi sheria ya kila mtu. Aliwinda sana katika nyanda za wazi, ndovu wakiwa hawajazoea milio ya bunduki, akiwa na utulivu wa mkono ambao watu wachache huzaliwa nao. Mwite mtu huyo ndani ya kichaka cha miba, nyati aliyejeruhiwa akitokea hatua 10 mbele, uone kama milimita saba zitamtuliza. Katika nafasi hiyo kuua hakutoshi. Unataka mnyama asimame papo hapo. Mwaiyalandi John Taylor, aliyewinda sana Msumbiji, alichapisha mwaka 1948 kanuni ya kupima jambo hilo. Alizidisha uzito wa risasi kwa kasi yake, kisha kwa kipenyo chake. Kwa hesabu yake, .470 hupata zaidi ya 70, .375 hupata kama 40, na .275 ya Bell takriban 16. Taylor hakudai kwamba namba hizo zinaonyesha nani ataua. Alichopima ni kishindo: ukiukosa ubongo kidogo, je, ndovu ataduwaa kwa muda gani?

Kwa hiyo kuna maswali mawili, na wasasi wa wakati ule walibishana kwa sababu kila mmoja alijibu swali lake. Bell aliuliza: risasi itafika? Taylor aliuliza: isipofika, itakuwaje? Ukiyachanganya maswali hayo utabishana mpaka kesho.

Na liko swali la tatu, ambalo historia ya Tsavo inalijibu vizuri zaidi. Kila mtoto wa shule nchini Kenya amesikia habari za simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Mhandisi John Patterson alikuwa na .303 yake aliyoizoea. Asubuhi ya tarehe 9 Desemba alipashwa habari kwamba simba ameua punda karibu na kambi. Badala ya kuichukua .303, alikwenda mbio na bunduki nzito aliyokuwa ameachiwa na ofisa mmoja, kwa kuwa ilikuwa na nguvu zaidi. Akamkaribia simba, akalenga, akafyatua. Kimya. Fataki haikulipuka. Patterson alishtuka hivi kwamba akasahau kuwa bunduki ile ilikuwa na mtutu wa pili. Simba akapata nafasi. Baadaye Patterson aliilaani saa aliyoitegemea silaha ya kuazima. Usiku wa siku hiyo hiyo, akiwa juu ya kilingo, ndipo alipomuua simba wa kwanza.

Swali la tatu basi ni hili: je, bunduki hiyo ni yako? Namaanisha, bega lako linaijua?

Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alishuka Mombasa Aprili 1909 na bunduki ya mitutu miwili ya .500/450 aliyopewa zawadi na Waingereza. Jicho lake la kushoto lilikuwa halioni. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na yeye mwenyewe alikiri waziwazi kwamba hakuwa mpiga shabaha hodari. Kwa hiyo kazi nyingi aliifanya kwa risasi nyingi. Ukisoma orodha ya wanyama wale leo unajiuliza ni nani aliyekuwa akipima, na kwa kiasi gani.

Hapa niruhusu, msomaji, niseme jambo la nyumbani. Mimi nilizaliwa si mbali na Voi. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mbeba bunduki katika safari za watalii wa uwindaji mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji Mei 1977. Mwaka huo nilikuwa kidato cha nne. Mjomba alirudi nyumbani na sanduku la bati, koti la kaki na hadithi, akawa mkulima wa mahindi yasiyostawi.

Hadithi moja hakuisimulia mpaka nilipokuwa mhadhiri tayari. Alikuja mgeni kutoka ng'ambo na .470 mpya kabisa, mitutu miwili, kitako cha mti uliong'aa kama kioo. Kambini alijaribu mara tatu, bega likavimba, akasema imetosha. Siku ya tatu wakamwona nyati dume. Mjomba alikuwa amesimama ubavuni mwa mgeni, akimtazama usoni badala ya kumtazama nyati. "Alifumba macho," akaniambia. "Alifumba kabla hajafyatua. Nikajua." Risasi ikaingia tumboni. Nyati akatoweka kichakani.

Sheria ya kazi ile ni kwamba mnyama aliyejeruhiwa hafuatwi na mgeni, hufuatwa na walioajiriwa. Wakaingia watatu: msasi wa kulipwa, mfuata nyayo na mjomba wangu. Nyati alikuwa amezunguka na kuwavizia kando ya nyayo zake mwenyewe, kama kawaida ya nyati. Alimpata mfuata nyayo pajani. Wakamuua nyati juu yake. Mfuata nyayo alifia njiani kabla hawajafika hospitali. Familia yake ilipewa mshahara wa mwezi mmoja na blanketi. Mgeni alipewa pembe.

Nilimuuliza mjomba kama bunduki ilikuwa ndogo au kubwa kupita kiasi. Nilikuwa nimeanza kusoma habari hizi na nilijiona mjuzi. Alinitazama kwa huruma. "Mjomba," akasema, kwani ndivyo tunavyoitana mjomba na mpwa, "bunduki ilimtosha nyati. Mtu ndiye hakuitosha bunduki."

Sijasoma popote sentensi iliyolimaliza suala hili vizuri kuliko hiyo. Na mwenye kuisema hakuandika kitabu. Mfuata nyayo yule hata jina lake halimo katika kitabu chochote. Bell ana kitabu, Taylor ana kitabu, Patterson ana kitabu. Wote walitembea nyuma ya watu waliozijua nyayo, upepo, maji na tabia za mnyama. Ujuzi ule ulikuwa nusu ya shabaha. Lakini vitabuni watu hao mara nyingi ni "mtumishi" au "mwenyeji" tu.

Kuna watu ambao hata bunduki hawakuihitaji. Waata, ambao majirani waliwaita Waliangulu, waliwinda ndovu katika nchi ambayo leo ni Tsavo Mashariki. Upinde wao ulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuuvuta. Mshale ulikuwa na kichwa kinachochomoka, kilichopakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti, kisha kikafungwa kwa ngozi laini isikauke. Sumu hiyo husimamisha moyo. Wanakemia waliipa jina uabaini, lenye asili ya Kisomali. Msasi wa Waata alinyata mpaka karibu sana, akajua mahali pa kupitisha mshale, akapiga mmoja. Tundu la mshale ule ni jembamba kuliko la .470. Lakini sumu, ukaribu na elimu ya mwili wa ndovu vilikwisha kupimwa pamoja. Hicho nacho, ukiniuliza, kilikuwa kiasi.

Mbuga ya Tsavo iliundwa mwaka 1948. Katikati ya miaka ya 1950 kampeni kali dhidi ya ujangili iliwasomba Waata wengi hadi jela. Ni kweli kwamba walikuwa wakiuza pembe, na ni kweli kwamba ndovu walihitaji ulinzi. Lakini angalia upande wa pili wa mizani. Kati ya 1944 na 1946, huko Makueni, serikali ya kikoloni ilipotaka kufyeka msitu ili watu wahamishiwe humo, msasi wake J.A. Hunter aliua vifaru 996. Huyo hakuitwa jangili. Aliandika kitabu. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana ili Waata wawinde kwa kibali, lakini nao haukuwarudishia maisha yao. Mwenye upinde alikwenda jela, na mwenye .275 akaingia katika historia kama bingwa wa elimu ya ndovu. Elimu ilikuwa ya wote wawili. Kalamu ilikuwa ya mmoja.

Basi nimjibu mwanafunzi wangu.

Kwanza, namba iliyoandikwa ubavuni mwa bunduki ni kipenyo cha mtutu. Tuiite hivyo: kipenyo. Aliye na haraka aseme mtutu mwembamba na mtutu mpana. Kaliba si kosa la kamusi, ila limekwisha kuhamia kwa watu, na ukilirudisha kwenye bunduki pamoja na neno "chini" utapotosha. Afrika Mashariki mwaka 1905, bunduki ya mtutu mwembamba haikuwa bunduki duni. Tena hata hizo namba si za kuaminiwa kama mtungi wa maji: risasi ya .470 ina kipenyo cha .475, na .275 ya Rigby ni ile ile milimita saba ya Mauser iliyobatizwa upya London. Jina la bunduki nalo ni jina tu.

Pili, mwandishi wa leo anapohitaji neno la kifuko chenye baruti na risasi yake pamoja, asione haya kulifufua kiasi, hasa katika tafsiri ya habari za zamani. Bunduki ya viasi ni Kiswahili safi kilichotumika. Akilitia katika muktadha, msomaji hatapotea.

Tatu, na hili ni la historia: anapotafsiri ubishi wa wasasi kuhusu bunduki ifaayo kwa ndovu, nyati au kifaru, asitafute jibu katika namba peke yake. Jibu lilikuwa na miguu mitatu. Risasi ifike panapoua. Isipofika, imsimamishe mnyama asije akamuua mwenzako. Na mkono unaoishika uiweze. Bell aliegemea mguu wa kwanza, Taylor wa pili, na mjomba wangu wa tatu. Sheria za nchi zinazowinda zikaweka .375 kama sakafu kwa kuwa watunga sheria hawawezi kumpima kila mgeni bega na macho. Sisi Kenya tuliamua mwaka 1977 kwamba bunduki ya utalii haifai kabisa, na mwaka uliofuata biashara ya nyara ikafungwa. Hilo pia ni jibu.

Mwanafunzi amerekebisha sentensi yake. Sasa inasema kwamba Mskoti yule alitumia "bunduki ya mtutu mwembamba, ambayo aliijua". Maneno mawili ya mwisho hayamo katika matini asilia, na kama msimamizi ninapaswa kuyakata kwa wino mwekundu. Bado sijayakata.

Kwako wewe msomaji ninayo kazi ndogo. Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyebeba bunduki za wageni, aliyefuata nyayo, au aliyeuvuta upinde ule mkubwa, nenda ukaketi naye wikendi hii. Muulize sehemu za bunduki anaziitaje. Muulize mrao, gumegume na kiasi. Muulize majina ya wenzake waliokufa kichakani, kisha uyaandike kwa tahajia sahihi. Mjomba wangu nilimuuliza mengi, lakini jina la mfuata nyayo yule sikumuuliza. Nilidhani nina wakati.